Homa ya Mgunda Ruangwa 2022: ni maabara iliyoisukuma Serikali, au ni hofu ya damu puani?

#1 MwanaLindi

Wakuu, salaam.

Hili swali linanisumbua tangu Julai 2022, na najua humu wamo watu wa afya, wakulima na wastaafu wa halmashauri. Mnaukumbuka ule ugonjwa wa Mbekenyera, wilaya ya Ruangwa. Mtu anashikwa na homa, kichwa kinamuuma, mwili unaishiwa nguvu, kisha damu inatoka puani. Tarehe 13 Mganga Mkuu wa Serikali, Dkt. Aifello Sichalwe, akatangaza kuwa wagonjwa ni 13, watatu kati yao wamefariki, na vipimo vya Ebola, Marburg na korona vimetoka hasi. Tarehe 18 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akasema ni homa ya Mgunda (leptospirosis), inayoenezwa na mkojo wa panya na wanyama wengine. Wagonjwa walikuwa wamefika 20, waliofariki 3. Timu ya wataalamu ilishashuka kusini na sampuli zilishapimwa. Kwa kasi hiyo nawapongeza.

Sasa dai langu. Mgunda haukuingia Tanzania mwaka 2022. Huko Moshi watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, matokeo yakachapishwa 2013. Madaktari walikuwa wamewaandikia malaria wagonjwa 528. Waliokutwa na malaria kweli ni 14. Na kati ya homa zilizokuwa zimejificha nyuma ya jina la malaria, Mgunda ulikuwemo. Miaka tisa ushahidi upo kwenye makaratasi, na mimi niliyezaliwa na kukulia Lindi sikuwahi kusikia zahanati yoyote ya kwetu ikitamka neno Mgunda, mpaka watu walipotokwa damu.

Nauliza: Serikali husikiliza ushahidi, au husikiliza hofu kwanza halafu ndiyo ushahidi unatafutwa?

#2 Kitangari Asilia

Mkuu umezunguka sana. Ruangwa ni jimbo la nani? Waziri Mkuu wakati ule alikuwa Majaliwa. Ingekuwa Liwale ndani ndani huko, tungesikia baada ya mwaka.

#3 Mbekenyera Kwetu

#2 napinga, na napinga nikiwa mtu wa hapo hapo. Machi 2023 Marburg ilitokea Bukoba Vijijini. Ilitangazwa tarehe 21, timu ikaenda, watu waliokutana na wagonjwa wakafuatiliwa, na Juni 2 ikatangazwa kwisha. Bukoba Vijijini nako lilikuwa jimbo la Waziri Mkuu?

Sisi wakati ule hatukuwaza habari za jimbo. Tulikuwa tunaogopana. Ukipiga chafya sokoni watu wanahama benchi. Waliofiwa walikosa hata watu wa kuwashika mkono. Jina la ugonjwa lilipotangazwa ndipo tukapumua, maana tuliambiwa una dawa na si wa kuambukizana kwa kusalimiana. Kwa hiyo kwangu mimi maabara ilifanya kazi kubwa kuliko hao mnaowataja.

#4 Nesi wa Kusini

Nimesoma vizuri. Naomba niseme kitu kutoka upande wa zahanati, maana wengi mnaitazama Serikali kama mtu mmoja anayeamka asubuhi na kuamua.

Kituo cha afya kina mwongozo wa ufuatiliaji wa magonjwa. Homa ya kawaida inaingia kwenye rejista, inajumlishwa, inapanda juu na ripoti za kawaida. Homa yenye damu inayotoka isivyoeleweka haisubiri. Unapiga simu wilayani siku hiyo hiyo, wilaya inapiga mkoani, mkoa unapiga wizarani. Juu ya hapo kuna Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005: nchi ikishatathmini kwamba tukio linaweza kuwa tishio kwa mataifa mengine, ina saa 24 kuiarifu WHO, yaani Shirika la Afya Duniani. Hakuna anayekaa kujiuliza hili ni jimbo la nani.

Na huo mwongozo wenyewe ndio ushahidi uliogeuzwa kuwa sera. Baada ya Ebola kuua zaidi ya watu 11,000 Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016, kila nchi ilijifunza kwamba dalili ya damu haichezewi. MwanaLindi, hiyo unayoiita hofu ni somo lililolipiwa kwa roho za watu, likaandikwa, likafundishwa, likabandikwa ukutani.

Pale ninapokubaliana nawe ni kwenye homa isiyo na damu. Mkulima anaingia, macho mekundu, misuli ya mashavu ya miguu inamuuma mpaka anachechemea. Namtoboa kidole, natia tone kwenye kipimo cha haraka cha malaria, tunasubiri. Unatokea mstari mmoja. Hasi. Sasa nimpe nini? Ili kuthibitisha Mgunda kwa kipimo cha damu cha kingamwili, vizuri upate damu ya mwanzoni na nyingine ya wiki mbili tatu baadaye, uzilinganishe. Mtu wa Mbekenyera hawezi kurudi baada ya wiki tatu akiwa ameshapona, nauli ya bodaboda atoe wapi? Kwa hiyo tunatibu kwa kukisia, na rejista haina Mgunda, na juu wanaona huku Mgunda haupo.

#5 MwanaLindi

Nesi asante sana. Hiyo aya yako ya mwisho ndiyo uzi wangu wote.

#6 Mzee wa Mikindani

Vijana, mnaongea kana kwamba mambo haya yameanza juzi. Uwanda wa Makonde umeshawahi kuupa ulimwengu ugonjwa mzima, nao ni chikungunya, ile homa ya mbu inayoumiza viungo.

#7 Shangani Pwani

Mzee, chikungunya si ilitoka India ikaletwa na majahazi?

#8 Mzee wa Mikindani

Hapana mjukuu wangu. Mlipuko wa kwanza kuelezwa na waganga ulitokea Newala na vijiji vya jirani, 1952 hadi 1953. Walioandika habari zake ni Robinson na Lumsden, makala zao zikachapishwa 1955, na kirusi kilitengwa kutoka kwa wagonjwa wa huko huko. Hata jina ni la Kimakonde. India ilikuja baadaye.

Ila sikilizeni jambo lenyewe. Lumsden alitazama vijiji akaona juu ya uwanda maji hakuna. Watu wanashuka mabondeni kuteka, wanapandisha kichwani, wanahifadhi ndani kwenye mitungi. Mbu wa aina ya Aedes, yule anayeuma mchana, anazaliana humo humo. Ushahidi ulikuwa wazi tangu 1955: dawa ya ugonjwa huu ni maji ya bomba. Mradi wa maji wa Makonde, ule wa chanzo cha Mitema, tunaijua wote historia yake. Leo nendeni Newala na Tandahimba mkahesabu ndoo, madumu na matangi ya kuvunia maji ya mvua. Mbu yule yule anakaa.

Ndiyo maana sikubaliani na mleta uzi. Si suala la hofu wala la maabara. Ni suala la gharama. Ushahidi unaodai kidonge unafuatwa upesi. Ushahidi unaodai bomba unasubiri.

#9 Kitangari Asilia

Mzee hapo umenigusa, nimetoka kununua maji ya dumu sasa hivi.

#10 Dada wa Masasi

Mnaikwepa korona kwa makusudi au mnaogopa? Ndiyo mfano mkubwa kuliko yote.

Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020. Shule zikafungwa mara moja, mikono tukanawa, ndoo zilikuwa kila mlango. Takwimu za mwisho tulizopata zilikuwa wagonjwa 509, vifo 21. Mei 3, Rais Magufuli akiwa Chato akasema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na baadhi zikatoka chanya. Tangu hapo kimya. Redio ikikoroma unatafuta mawimbi, huivunji redio. Kama kipimo kilikuwa na mashaka, kingerekebishwa huku hesabu zikiendelea kutolewa.

Mwanzoni mwa 2021 tulizika mama yangu mdogo. Kwenye hospitali aliyolazwa tuliambiwa ni changamoto ya upumuaji, basi. Tulimwosha, tulimkumbatia, tukajazana ndani ya nyumba kwenye matanga. Sijui kama ilikuwa yenyewe. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba sitajua, na kwamba watu wote wale tuliketi pamoja bila mtu wa kutuambia tukae mbalimbali.

Kisha Aprili 2021 Rais Samia akasema ataunda kamati ya wataalamu. Mwenyekiti Profesa Said Aboud wa Muhimbili. Mei 17 wakawasilisha ripoti: takwimu zitolewe, nchi ijiunge na COVAX, mpango wa kugawana chanjo duniani, chanjo zije. Julai 24 zikatua dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na Julai 28 Rais akachanjwa hadharani. Wataalamu walikuwa hawa hawa, vyuo hivi hivi, nchi hii hii. Kilichobadilika ni mtu aliyekuwa anawasikiliza.

#11 Shangani Pwani

Pole sana dada. Mungu amrehemu.

#12 Msomi wa Mtaani

Pole dada #10. Naomba nipingane nawe kwa heshima kwenye jambo moja. Unasema ushahidi ulikuwepo na ukapuuzwa. Ushahidi upi? Machi 28, 2020 WHO wenyewe waliandika kwamba korona haisambai kwa hewa. Baadaye wakabadilika. Barakoa kwa wananchi wote kwenye maeneo ya msongamano walizipendekeza Juni 5. Uingereza, Sweden na Ujerumani walikuwa na maprofesa wa kutosha na kila mmoja alishika njia yake. Sasa Rais wa nchi ambayo mama lishe wa Soko Kuu Mtwara asipouza leo watoto hawali leo, angefuata ushahidi upi? Kufungia watu ndani lilikuwa jambo la kuogopa, na nashukuru hakufunga.

#13 Dada wa Masasi

Msomi, unachanganya vitu viwili. Kutofunga nchi ni uamuzi, unaweza kuutetea na mimi nikakuelewa. Kuacha kuhesabu si uamuzi wa aina hiyo. Bila hesabu hata huo uamuzi wako wa kutofunga huwezi kujua kama ulikuwa mzuri.

Na hiyo ya wataalamu kubadilika, ndiyo kazi yao. Juni 16 mwaka ule ule Uingereza wakatangaza matokeo ya deksamethasoni, dawa ya bei rahisi ya siku zote, kwamba inapunguza vifo kwa theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Walijuaje? Walihesabu.

#14 Kitangari Asilia

Msomi wa Mtaani leo umebanwa na Masasi. Na wewe si ndiye uliyekuwa unatugawia majani ya mkaratasi kwa ajili ya nyungu pale stendi?

#15 Msomi wa Mtaani

Na ulichukua mafungu mawili, Kitangari. Nyungu ilisaidia kufungua kifua, sikusema inaua kirusi.

#16 Mgawa Dawa Nanyamba

Habari za jioni. Mimi ni mhudumu wa jamii, nimegawa kingatiba za matende na mabusha. Naona mmesahau kwamba kati ya Serikali na ushahidi kuna sisi na kuna mwananchi.

Sera ilikuwa nzuri na ya kisayansi. Watu wote wanaostahili wanywe ivermectin na albendazole mara moja kwa mwaka, kwa miaka kadhaa, mpaka minyoo kwenye damu iwe michache kiasi kwamba mbu hana cha kubeba. Dozi ya ivermectin hatupimi kwa mizani. Tunabeba fimbo yenye alama. Mtu anavua viatu, anasimama wima kando ya fimbo, kichwa kikifika alama ya vidonge vitatu anapewa vitatu. Wazee wengine walikataa kusimamishwa kwenye fimbo, wanasema wanapimwa sanda.

Na kabla ya hapo kulikuwa na vipimo vya usiku. Minyoo ile michanga hujitokeza kwenye damu ya karibu na ngozi usiku, kwa hiyo wapimaji walikuja usiku kutoboa vidole. Hebu fikirieni kijijini, saa nne usiku, gari geni, watu wanataka damu. Mara ikawa mumiani! Kisayansi ile saa ilikuwa sahihi kabisa. Ila hakuna aliyekuja mchana siku tatu kabla kuwaeleza watu kwa nini iwe usiku. Kijiji ambacho mwenyekiti aliitisha mkutano, akaeleza, na mzee mmoja mwenye busha akasimama akasema angeipata dawa hii ujanani asingefika alipofika, tuligawa mpaka vidonge vikatuishia.

Kwangu jibu la uzi ni hilo. Ushahidi usiorudishwa kwa waliotoa damu yao hauendi mbali, hata waziri auamini namna gani.

#17 Mbekenyera Kwetu

Mgawa Dawa umeniwahi. Sisi tulitoa sampuli 2022. Jina la ugonjwa tulilisikia redioni kama watu wa Mwanza walivyolisikia.

#18 Bwana Shamba Nachingwea

Nije na la kwangu. Rais wakati ule aliuhusisha ugonjwa huu na uharibifu wa mazingira, kwamba binadamu na wanyama wamesogeleana. Watu wengi walilipuuza. Mimi kama mtu wa mashamba nalichukua kwa uzito, ingawa kuna kitu hakijanikaa sawa. Mgunda unaenezwa na mkojo wa wanyama, panya hasa, lakini hata ng'ombe, nguruwe na mbwa, na vijidudu vinaishi kwenye maji na udongo wenye unyevu. Vinaingia kwenye mikwaruzo ya ngozi, macho na mdomo. Kwa kawaida tunausikia baada ya mvua kubwa na mafuriko. Julai kwetu ni kiangazi, watu wako kwenye mikorosho wanapuliza salfa. Maji gani hayo?

Ninavyoona mimi, kiangazi ndipo kisima kinapobaki kimoja. Ng'ombe wa wafugaji waliohamia, nguruwe pori, panya na sisi wote tunakwenda kwenye dimbwi hilo hilo. Na wanaoingia majarubani peku ni wengi kuliko wenye mabuti. Panya nao ghalani hawalali njaa. SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, wana kituo cha siku nyingi cha utafiti wa panya, wanaujua Mgunda kuliko mtu yeyote humu. Ushauri wao ulitakiwa umfikie ofisa ugani kama mimi kabla ya kumfikia waziri. Mimi nafundisha kudhibiti panya kwa ajili ya kuokoa mahindi, sijawahi kupewa karatasi inayosema nidhibiti panya kwa ajili ya figo za mkulima.

#19 Shangani Pwani

Bwana Shamba, na wanaokula panya je? Maana huku kwetu wapo na ni kitoweo cha heshima.

#20 Nesi wa Kusini

Akishaiva vizuri hana shida. Shida ni wakati wa kumkamata, kumchuna na kumtoa matumbo kwa mikono yenye vidonda. Vaa hata mfuko wa nailoni mikononi, nawa kwa sabuni.

#21 Mstaafu wa Halmashauri

Nimefuatilia toka mwanzo. MwanaLindi, dai lako kwamba Serikali husukumwa na hofu tu linaangushwa na mfano mmoja. Klorokwini. Nani hapa amesahau kuwashwa mwili mzima baada ya klorokwini? Tulijikuna na kuimeza kwa miaka. Wataalamu wakapima vituo kwa vituo wakaona vimelea vimekuwa sugu. Mwaka 2001 ikaondolewa ikaja SP, dawa nyingine ya malaria. SP nayo ikachoka, mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto. Hapakuwa na mlipuko wala damu puani wala vyombo vya habari vya nje. Takwimu za vituoni zilipanda juu, zikajadiliwa, sera ikabadilika.

Nyongeza, mikoa yetu hii imechangia. Taasisi ya Afya Ifakara walifanya utafiti Lindi na Mtwara miaka ya 2000 wa kuwapa watoto wachanga SP ya kukinga malaria wanapokuja kuchanjwa. WHO wakaja kuipendekeza njia hiyo 2010. Hapa nyumbani haikuwa sera ya nchi nzima, kwa sababu usugu wa SP ulikuwa umeshakuwa mkubwa ukanda huu. Hapo ushahidi mmoja uliuzuia ushahidi mwingine, na ndivyo inavyotakiwa.

#22 MwanaLindi

Mzee wangu Mstaafu, shikamoo. Mfano mzuri, lakini uumalizie. Dawa ya mseto ilikuwa ghali mara nyingi kuliko SP, na iliyoiwezesha ni fedha ya wafadhili, Mfuko wa Dunia (Global Fund). Ushahidi dhidi ya SP ulikuwepo kabla ya fedha kuja. Naona narudi kwa Mzee wa Mikindani, kwamba ni nani analipa.

#23 Mstaafu wa Halmashauri

Marahaba. Fedha ilikuja kwa sababu andiko lilikuwa na takwimu. Andika ombi bila takwimu uone kama utapewa hata senti.

#24 Kitangari Asilia

Na Marburg ya Kagera mwaka 2025 mnasemaje? Wizara walificha mwezi mzima.

#25 Msomi wa Mtaani

Si mwezi. WHO walitoa taarifa ya washukiwa Januari 14. Wizara ikajibu kwamba sampuli zimepimwa na zimetoka hasi. Januari 20 Rais Samia, akiwa na Dkt. Tedros, mkuu wa WHO, Dodoma, akatangaza kwamba mgonjwa mmoja amethibitishwa. Ni siku sita. Machi 13 ikatangazwa kwisha.

#26 Dada wa Masasi

Siku sita kwa Marburg ni nyingi, Msomi. Ila mtu aliyesema hasi kisha akasimama mbele ya dunia akasema ipo, huyo namheshimu. 2020 hatukulipata hilo.

#27 Nesi wa Kusini

Tusisahau na njia. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Dar ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakalala. Mbekenyera ingetokea wiki ile, kile kisanduku cha barafu chenye sampuli kingefikaje maabara ya Taifa? Barafu ingeyeyuka njiani, na sampuli iliyoharibika ikitoa hasi, juu wataandika hasi.

#28 Baba Salma Nanyumbu

Samahani kuingilia wakuu, nimekuwa nasoma kimya. Kijana wangu analima mpunga kando ya Ruvuma, ana homa siku ya nne. Kipimo cha malaria hasi, wakampa mseto hivyo hivyo. Tangu jana macho mekundu na mapaja yanamuuma. Nimesoma #4 nikashtuka.

#29 Nesi wa Kusini

Baba Salma, mrudishe leo, usingoje kesho. Na asiende zahanati, nenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mwambie tabibu mambo matatu kabla hajaandika: kipimo cha malaria kilikuwa hasi, kijana anaingia majarubani peku, na mapaja yanauma. Uliza kama anafikiria Mgunda. Dawa zake ni za kawaida, doksisaiklini au penisilini, zipo na zinasaidia zaidi zikianza mapema. Angalia mkojo kama umepungua au macho yanageuka manjano, hilo uliseme mlangoni kabisa. Karatasi ya kipimo uliyopewa mara ya kwanza usiiache nyumbani.

#30 Baba Salma Nanyumbu

Asante nesi. Bodaboda ameshafika, tunaondoka.

#31 Mzee wa Mikindani

Kila la heri Baba Salma. Mstaafu, nakusubiri kwenye hoja ya bomba, hujanijibu.